Namna ya Kuwamba Trampolini ya Katamarani Ndogo

Wengi huiona trampolini ya katamarani ndogo kama kiti tu, kitambaa kilichotandazwa kati ya mitumbwi miwili ili watu wapate pa kukaa. Kumbe ni kiungo cha chombo chenyewe. Mitumbwi miwili na mihimili miwili ni fremu ya pembe nne, na fremu ya pembe nne hupenda kwenda mshazari. Kitambaa kilichowambwa barabara huizuia. Kikilegea, kila omo, yaani ncha ya mbele ya mtumbwi, hucheza kivyake kwenye wimbi, bolti za mihimili huanza kugonga ndani ya matundu yake, na watu waliokaa juu huzama mpaka maji yanapiga kitambaa kwa chini na kukirudisha chombo nyuma. Kwa hiyo kazi hii ina mambo mawili, na mpangilio wake haugeuzwi: kwanza fremu iwe mraba, yaani kona zake zote ziwe za pembe mraba, halafu ndipo kitambaa kikazwe. Ukikaza juu ya fremu iliyopinda, umeufunga upindo humo humo.

Trampolini yako imeshikwa vipi?

Katika katamarani za urefu wa mita 4 hadi 6 mitindo iko mitatu, na chombo kimoja kinaweza kuwa na miwili kwa pamoja.

Ulio wa kawaida ni wa dasi, yaani kamba iliyoshonewa ndani ya pindo la kitambaa, ambayo huteleza kwenye mfereji uliochongwa katika mhimili wa mbele na ubavuni mwa kila mtumbwi. Pindo la nyuma huachwa wazi, likiwa na matundu yenye pete, na hukazwa kwa kamba kwenye mhimili wa nyuma. Mtindo wa pili ni wa vipande viwili, kulia na kushoto, vinavyokutana katikati na kufungwa kwa kamba toka mbele hadi nyuma. Mara nyingi huu hupatikana kwenye vyombo vyenye fremu ya mabomba iliyoinuliwa juu ya nguzo fupi. Mtindo wa tatu hauna mfereji: fimbo ya plastiki ngumu hupita ndani ya pindo, na kamba huizunguka fimbo hiyo kupitia nafasi zilizokatwa, kisha huenda kwenye ndoano zilizofungwa kwenye mtumbwi.

Angalia hili kabla hujafungua chochote. Vyombo vingine vina nafasi mwishoni mwa mhimili wa mbele ya kupitishia dasi. Vingine havina, na hapo mhimili lazima uvishwe trampolini kabla haujafungwa kwenye mitumbwi. Kwenye fremu ya mabomba mara nyingi hakuna njia ila kulegeza pembe za fremu. Piga picha za kila kona na njia ya kila kamba. Zitakufaa saa mbili baadaye.

Kitambaa, kamba na zana

Wavu wa polipropilini ni mwepesi na maji hupita upesi, ila jua huula mapema. Wavu wa poliesta uliopakwa PVC ni mzito kidogo, haunyumbuki sana na hudumu zaidi. Kwa chombo kinachoshinda nje, huo ndio wa kuchagua. Kitambaa kizima cha PVC ni laini kwa magoti, lakini wimbi likipiga kutoka chini halina pa kupitia, na maji ya juu hutuama.

Kamba ya kuwambia iwe ya poliesta isiyonyumbuka, unene wa milimita 4 au 5. Nyembamba kuliko hapo hukata vidole na kung'ata pete. Nailoni usiitumie kabisa: ikinywa maji hurefuka, na trampolini uliyoikaza nchi kavu hulegea dakika chache baada ya kuingia majini. Dyneema, kamba ya nyuzi za polithini maalumu, ina nguvu nyingi na haifyonzi maji, lakini inateleza. Ukiitumia, ongeza mizunguko kwenye fundo la mwisho na uirudie baada ya siku kadhaa, kwa kuwa hurefuka polepole ikikaa chini ya mvuto wa kudumu.

Urefu wa kamba hukokotolewa kwa pengo lilivyo kabla ya kukaza, si baada. Tuseme pindo la nyuma lina upana wa mita 2, matundu yako kila sentimita 10, na pengo hadi mhimilini ni sentimita 15. Kila mguu wa kamba unavuka pengo hilo huku ukisogea sentimita 5 kando, kwa hiyo una urefu wa sentimita 16 hivi. Kila tundu lina miguu miwili, na matundu ni 20 hivi: unapata mita 6 na zaidi kidogo. Ongeza mita 1 kila ncha kwa ajili ya kushika na kufunga mafundo, hivyo nunua mita 9. Pengo likishafika sentimita 6, mita 3 za kamba zitakuwa zimetoka. Usizikate siku hiyo.

Zana: tepu ya kupimia ya mita 8, spana za bolti za mihimili, bisibisi kubwa iliyo butu, tupa ndogo, msasa, brashi ngumu, ndoo ya maji baridi (yasiyo ya chumvi), sabuni ya maji, silikoni ya kupuliza, glavu, na kiberiti cha kuchoma ncha za kamba. Bisibisi hapa haifungui skrubu. Ni mpini wa kuvutia kamba, na ncha yake butu husaidia kufungua mdomo wa mfereji uliobonyea. Grisi na mafuta ya mashine yasikaribie mfereji, maana hukusanya mchanga, na mchanga ulioshikwa na grisi hufanya kazi ya msasa juu ya dasi.

Kuifanya fremu iwe mraba

Weka chombo mahali tambarare, mlingoti ukiwa chini. Waya za mlingoti zikiwa zimekazwa huvuta mitumbwi ndani na kukudanganya. Kila mtumbwi uegemee sehemu mbili, chini ya mhimili wa mbele na chini ya mhimili wa nyuma, na vyote vinne viwe usawa mmoja. Simama mita chache nyuma ya tezi, yaani ncha ya nyuma ya chombo, chuchumaa, utazame mhimili wa nyuma dhidi ya ule wa mbele: mistari miwili iende sambamba. Ukiona mmoja umeinama, sukuma ubao mwembamba chini ya upande ulioshuka. Mchanga wa ufukweni si mahali pa kazi hii, kwa sababu hutitia upande mmoja wakati wewe unakaza, nawe hutambui.

Legeza bolti za mihimili nusu mzunguko tu, zisitoke. Pima mishazari: kutoka ncha ya omo ya kulia hadi kona ya tezi ya kushoto, kisha kinyume chake. Chagua alama zilezile pande zote mbili. Kwa chombo cha mita 5, tofauti isizidi milimita 5. Ikizidi, sukuma omo ya mshazari mrefu kuelekea nyuma huku mwenzako ameshika tezi ya upande wa pili, upime tena. Ikishakaa sawa, kaza bolti kidogo kidogo kwa zamu, moja kila kona, usimalize kona moja kwanza. Pima mara ya mwisho baada ya kukaza, kwani kukaza kwenyewe husogeza.

Bolti ikikazika lakini mhimili bado unacheza, tatizo liko kwenye kikalio chake, si kwenye trampolini. Litengeneze kwanza.

Kusafisha mfereji na kupitisha dasi

Mfereji mchafu ndio unaoharibu trampolini nyingi mpya siku ya kwanza. Chumvi na mchanga hugandamana ndani, na alumini hutoa unga mweupe unaoufanya mfereji uwe mwembamba kuliko unavyoonekana. Umwagie maji, pitisha brashi, kisha chukua kipande cha kamba chenye unene sawa na dasi, kifunge ukanda wa msasa katikati, ukivute huku na huku toka ncha hadi ncha. Palipokwama, tia alama. Mdomo uliobonyea ufungue taratibu kwa bisibisi butu. Mdomo uliopanuka ni kosa la hatari zaidi, kwani dasi itachomoka siku mtu atakaporuka juu yake. Rudisha kingo ndani kwa nyundo ya mpira huku fimbo laini yenye unene wa dasi ikiwa imekaa ndani.

Ncha ya mfereji ambapo dasi inaingilia huwa na ukingo mkali kama wembe. Uzungushe kwa tupa. Kazi ya dakika mbili hii huzuia mpasuko ambao kwa kawaida huonekana sentimita chache tu kutoka kwenye kona.

Kitandaze kitambaa juani nusu saa kiwe laini. Hakikisha upande wa juu uko juu: mikanda ya miguu na mifuko ya kamba iwe juu, mishono mikubwa ya kuimarisha iwe chini. Kabla ya kuingiza chochote, kumbuka vitu vinavyoishi chini ya trampolini: kamba ya mpira ya kurudisha waya za kuning'inia (zile ambazo baharia hujining'inizia nje ya chombo kwa mshipi), na kamba ya kuinulia chombo kikipinduka. Vilaze mahali pake sasa. Kuvipitisha baadaye inawezekana, ila utalala chali chini ya chombo.

Puliza silikoni kwenye dasi. Ukikosa, maji ya sabuni yanatosha. Anza na pindo la mbele. Kazi ni ya watu wawili: mmoja analisha, vidole vyake vikiliweka pindo sambamba na mfereji, mwingine anavuta kwa kamba iliyofungwa kwenye kona. Anayelisha ndiye anayeamua mwendo. Ukivuta kwa nguvu wakati kitambaa kinaingia mshazari, dasi hujikunja na kukwama. Ikikwama, irudishe sentimita 20, inyooshe, uendelee. Usivute kwa kushika pete, zitang'oka.

Katikati ya pindo la mbele ilingane na katikati ya mhimili. Tia alama zote mbili kwa kalamu kabla ya kuanza. Kisha ingiza mapindo ya pembeni, kulia na kushoto, nusu mita upande huu, nusu mita upande ule. Ukimaliza upande mmoja wote kwanza, wa pili utagoma.

Kuwamba kamba ya nyuma

Hapa ndipo pa kwenda polepole. Kamba inapopita kwenye kila pete na kila ndoano hupoteza sehemu ya mvuto kwa msuguano. Baada ya kona tano au sita, mvuto unaoupa mwishoni haufiki mwanzoni. Ndiyo sababu kuanzia pembeni na kuvuta mpaka upande wa pili hutoa kitambaa kilichokaza upande mmoja na kulegea mwingine, hata mvutaji awe na nguvu kiasi gani.

Ikunje kamba katikati na uanzie tundu la katikati, nusu iende kulia na nusu kushoto. Ipitishe tundu moja, mhimilini, tundu linalofuata, bila kuruka hata moja. Kama mhimili hauna ndoano na kamba inauzunguka, hakikisha haipiti juu ya reli ya kamba ya tanga wala haibani kigari chake. Kisogeze kigari toka mwisho hadi mwisho kabla ya kukaza.

Raundi ya kwanza ni ya mkono tu. Ondoa ulegevu kuanzia katikati kwenda pembeni, kisha upande wa pili vivyo hivyo, pengo liwe sawa kotekote.

Raundi ya pili tumia mpini. Zungusha kamba mara mbili kwenye shina la bisibisi, vuta mguu wa kwanza toka katikati, ushike kwa kidole gumba kwenye pete, uvute unaofuata. Mguu unaogoma usivutwe moja kwa moja: ushike katikati ya pengo, uusukume kando kwa nguvu, kisha upokonye ulegevu unaojitokeza. Mbinu hii hutoa mvuto mkubwa kuliko kuvuta kwa kunyoosha. Badilisha upande kila baada ya matundu manne au matano.

Raundi ya tatu ifanywe baada ya kukiacha chombo usiku kucha, au baada ya mtu kutembea juu ya kitambaa robo saa. Kitambaa kipya hujinyoosha, na mishono hukaa. Utapata sentimita 1 au 2 zaidi bila kutumia nguvu nyingi.

Kama ni trampolini ya vipande viwili, usikimbilie kamba ya katikati. Ukiikaza kwanza, mapindo ya pembeni yanabanwa kwenye mifereji yake na kitambaa hakiwezi tena kuteleza kwenda nyuma. Ivute kamba ya nyuma hadi kama robo tatu ya mkazo unaoutaka, ndipo uende katikati, toka mbele kwenda nyuma, kisha urudi kumalizia nyuma.

Mwisho wa kamba piga mafundo mawili ya nusu, kisha mengine mawili, na masalio yafungwe chini ya trampolini. Kisibaki kitanzi chochote kinachoning'inia. Chombo kikipinduka, ndoano ya mshipi wa kuning'inia hunasa kwenye kitanzi kama hicho, na mwenye mshipi yuko chini ya maji. Kwa sababu hiyo hiyo pengo la mwisho lisizidi sentimita 8 hivi, mguu usije ukapenya, na kisu cha kukatia kamba kiwe mahali kinapofikika upande wa chini pia.

Ikaze mpaka wapi

Mtu mzima akisimama katikati, kitambaa kizame sentimita 5 hadi 8 na kirudi mara moja anaposhuka. Ukikipiga kwa kiganja, kitoe sauti nzito, si mlio wa ngoma. Kuzama zaidi ya sentimita 10 ni kulegea.

Na usivuke mpaka huo kwa tamaa ya ugumu. Piga hesabu: miguu 40 ya kamba, kila mmoja ukibaki na mvuto wa kilo 20 tu, unaokwenda mshazari kwenye pengo la sentimita 6, inafanya kilo 600 hivi zinazouvuta mhimili wa nyuma kuelekea mbele. Mihimili hupinda, ribiti za mfereji hulegea, na omo hubadili uelekeo wake. Kwa hiyo pima mishazari tena baada ya raundi ya pili na ya tatu. Weka pia uzi ulionyooka toka ncha hadi ncha ya mhimili wa nyuma: ukiona katikati imeingia mbele milimita kadhaa, legeza. Kama umekaza kwenye jua kali, acha nafasi kidogo, kwa kuwa kitambaa cha PVC kikipoa hujikaza chenyewe.

Kitambaa kinapokataa

Mikunjo ya mshazari inayotoka kwenye kona moja inaonyesha kwamba kona hiyo imevutwa kuliko ile iliyo mkabala nayo. Legeza matundu matatu ya hapo, kaza matatu ya upande wa pili. Ikirudi, fremu yako si mraba, rudi kwenye tepu.

Ukingo wa nyuma ukifanya mawimbi, umeingia ndani kati ya tundu na tundu, mvuto umekusanyika kwenye matundu machache. Ama umeruka baadhi, ama yako mbali mno. Fimbo nyembamba ya plastiki ndani ya pindo hugawa mvuto vizuri.

Pete ikianza kuinama na kitambaa kufunguka nyuma yake, usitie pete kubwa zaidi kwenye tundu lililochanika. Shonea kiraka cha ukanda mgumu juu na chini, ndipo upige pete mpya.

Kitambaa kikigusa mhimili wa nyuma kabla hakijakaza, kimekwisha kunyumbuka au kilishonwa kirefu. Fundi wa matanga anaweza kulipunguza pindo la nyuma, ila kama wavu ni wa zamani usipoteze fedha hapo.

Ukaguzi

Safari mbili au tatu za kwanza, kaza upya kila ukirudi. Baadaye mara moja kwa mwezi inatosha kama chombo kinatumika.

Uzi huchoka kabla ya kitambaa. Pitisha ukucha wa kidole gumba juu ya mishono, hasa kwenye kona za mbele, kwenye mizizi ya mikanda ya miguu, na pale watu wanapokaa wakiendesha. Uzi unaotoa unga au kukatika kwa ukucha ushonwe upya kwa uzi wa poliesta wenye kinga ya jua, mistari miwili, hata kama kitambaa bado kinang'aa. Mkanda wa mguu ukichomoka wakati mtu ameegemea nje, anaanguka chali majini na chombo kinaendelea bila yeye.

Kila baada ya safari osha kwa maji baridi, juu na chini, na upige maji ndani ya mifereji. Chombo kikihifadhiwa nje, funika trampolini au kiinamishe upande mmoja ili maji ya mvua yasituame katikati: lita 100 za maji ni kilo 100 zilizokaa hapo wiki nzima, na kitambaa kitaukumbuka uzito huo.